Kama tunaishi muda mrefu kuliko Wakenya, kwa nini fahirisi inatuweka chini yao?

Mwalimu wa Jiografia, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha kidato cha tano na cha sita, na wiki iliyopita nilikwama mbele ya darasa kwa namna ambayo haijanitokea kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeandika ubaoni takwimu za Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya 2023/24, ambayo hutolewa na Shirika la Mpango wa Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na ambayo hesabu zake ni za mwaka 2022. Katika Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, namba moja ambayo ripoti hiyo huitumia kupima maendeleo ya kila nchi, Tanzania imepewa 0.532 na kushika nafasi ya 167 kati ya nchi 193. Kenya imepewa 0.601 na kushika nafasi ya 146. Msichana mmoja anayekaa nyuma akanyoosha mkono, akasema kwamba jedwali hilohilo linaonesha umri wa kuishi wa Mtanzania kuwa miaka 66.8 na wa Mkenya 62.1, kisha akauliza: "Mwalimu, kama anayeishi miaka mingi zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa nyuma, hayo maendeleo ni ya nani?"

Nilimjibu kwamba elimu na kipato navyo vinahesabiwa, lakini nilijua moyoni kwamba nimejibu ili kengele ilie nitoke. Nimeisoma ripoti yenyewe, nimesoma vitabu vya kiada, na vyote vinataja vigezo vitatu bila kuonesha namna vinavyounganishwa kuwa namba moja. Ningependa mwenye ujuzi anioneshe jinsi namba hiyo inavyopikwa, na ninaomba neno hilo lisieleweke vibaya.

Kuna jambo la pili linalonisumbua. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya uchumi wa kati wa ngazi ya chini, na tulisherehekea. Ripoti hii, iliyotoka karibu miaka minne baadaye, inatuweka katika daraja la maendeleo ya chini, kwa sababu mpaka wa daraja hilo ni 0.550. Je, nchi inaweza kuwa ya kati na ya chini kwa wakati mmoja, au mmoja kati ya wapimaji hawa wawili amekosea?

Mtakwimu Mstaafu, Dodoma

Mwalimu, swali la binti huyo linazidi mengi niliyoyasikia katika semina zenye posho. Nitaanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo uliyoiomba.

Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1990, chini ya usimamizi wa Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, akisaidiwa na wenzake akiwamo Amartya Sen wa India. Sen mwenyewe ameeleza kwamba mwanzoni hakuipenda kabisa, kwa sababu aliona ni ufidhuli kuyabana maisha ya watu katika namba moja, na kwamba Haq alimshawishi kwa hoja ya kisiasa: pato la taifa linatawala mijadala kwa kuwa ni namba moja, hivyo litang'olewa na namba nyingine moja, yenye ukavu uleule lakini isiyofumbia macho hali za watu. Kwa sisi tuliokaririshwa Azimio la Arusha la 1967, lililosema kwamba ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na kwamba fedha si msingi bali ni matokeo, hoja hiyo haikuwa ngeni.

Sasa tuingie jikoni. Kila kigezo hupewa sakafu na dari, kisha huulizwa nchi imepanda kiasi gani kati ya hizo mbili. Umri wa kuishi una sakafu ya miaka 20 na dari ya 85. Kwa Tanzania, 66.8 toa 20 ni 46.8, gawanya kwa 65, unapata 0.720. Kwa Kenya, 42.1 gawanya kwa 65 ni 0.648. Hapa tumewazidi waziwazi.

Elimu ina vipimo viwili vinavyotafutiwa wastani. Cha kwanza ni wastani wa miaka ya shule waliyoisoma watu wazima wa miaka 25 na kuendelea, ambayo dari yake ni 15. Cha pili ni miaka ya shule ambayo mtoto anayeanza masomo leo anatarajiwa kuisoma, ambayo dari yake ni 18. Tanzania ina 5.6 na 8.6, Kenya ina 7.7 na 11.4. Ukigawanya kila moja kwa dari yake na kutafuta wastani, sisi tunapata 0.426, wao wanapata 0.573.

Kipato ni pato la taifa kwa kila mtu, katika dola zilizorekebishwa ili dola moja iwe na uwezo uleule wa kununua kila nchi. Letu ni dola 2,578 na la Kenya ni 4,808. Sakafu ni 100 na dari ni 75,000, lakini hapa hutumika logarithimu, kwa sababu dola mia moja za ziada zina uzito mkubwa kwa mkulima wa mtama na hazihisiwi na mwenye hoteli. Kwa mpango huo, kutoka dola 1,000 hadi 2,000 ni hatua ileile kama kutoka 10,000 hadi 20,000. Kipato chetu kinakuwa 0.491 na cha Kenya 0.585.

Mwisho unazidisha zile namba tatu na kutafuta kipeuo cha tatu cha zao lake. 0.720 mara 0.426 mara 0.491, kipeuo chake ni 0.532. Kwa Kenya ni 0.601. Waambie wanafunzi wafanye kwa kikokotoo; hakuna siri iliyobaki.

Elimu na kipato vinatuweka nyuma kwa njia yoyote, lakini sehemu ya jibu la binti imo katika hatua hiyo ya mwisho. Hadi ripoti ya 2009 zilikuwa zikijumlishwa na kugawanywa kwa tatu, kama tunavyotafuta wastani wa mitihani. Kwa njia hiyo ya zamani Tanzania ingepata 0.545 na Kenya 0.602. Tazama ni nani aliyepoteza: Kenya imepungukiwa 0.001, sisi 0.013. Tangu 2010 wanazidisha, na kuzidisha kunamwadhibu mwenye vigezo visivyolingana. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga yakipishana urefu chungu hulala upande. Mafiga ya Kenya yote matatu yanakaribiana. Sisi tuna moja refu la afya, moja la wastani la kipato, na moja fupi la elimu. Kurefusha lile refu zaidi hakutusaidii sana.

Nilijaribu hesabu mbili za "ingekuwaje". Kama kila kitu kingebaki kilivyo, isipokuwa miaka ya shule inayotarajiwa kwa mtoto ikapanda kutoka 8.6 hadi 11.4 ya Kenya, tungefika 0.562 na kuvuka daraja. Kama elimu ingebaki ilivyo lakini kipato cha kila Mtanzania kikawa mara mbili, tungefika 0.567. Kwa macho ya fahirisi hii, kumbakiza mtoto shuleni kwa miaka chini ya mitatu zaidi kunakaribia kulingana na kuuzidisha maradufu uchumi mzima.

Kuhusu Benki ya Dunia, hakuna aliyekosea. Wao hutazama kipato peke yake, tena kwa dola za soko zisizorekebishwa kwa uwezo wa kununua. Kizingiti chao mwaka ule kilikuwa dola 1,036, na pato letu la 2019 lilikadiriwa kuwa dola 1,080. Tulivuka kwa dola 44. Ni haki kusherehekea, lakini mlango huo haukuwahi kuuliza mtu amesoma hadi darasa la ngapi.

Karani wa Elimu, Eldoret

Hamjambo nyote. Kama Mkenya ninayeshinda na rejista za shule kila siku, naomba kuupunguzia sifa ushindi huu tuliopewa.

Kwanza, kuna tofauti ya kalenda tu. Kuanzia 1985 mfumo wetu wa 8-4-4 ulikuwa na miaka minane ya shule ya msingi, ilhali Tanzania iliendelea na miaka saba. Mkenya aliyeishia darasa la nane na Mtanzania aliyeishia darasa la saba wote wamemaliza shule ya msingi, lakini jedwali linampa mmoja miaka minane na mwingine saba. Fahirisi inahesabu miaka aliyokaa mtu darasani, haimuulizi alichojifunza. Ndiyo sababu mwaka 2018 Benki ya Dunia ilileta fahirisi yake ya rasilimali watu, inayopunguza miaka ya shule kulingana na kiasi wanachojifunza watoto. Ya 2020 iliipa Kenya 0.55 na Tanzania 0.39, kwa hiyo pengo halikuondoka kwa kubadili mizani, nami sitajifanya kwamba liliondoka. Ninachosema ni kwamba kalenda nayo ina sehemu yake.

Pili, na hili ndilo ninalotaka Mwalimu alipeleke darasani, miaka ya shule ya watu wazima ni kumbukumbu ya sera za zamani. Baada ya uhuru, jamii zetu zilijenga shule za sekondari za Harambee kwa michango, nyingine bila maabara wala walimu wa kutosha, lakini milango ilikuwa wazi. Tanzania ilichagua njia nyingine: baada ya Azimio la Musoma la 1974 nguvu zilielekezwa katika elimu ya msingi kwa wote na elimu ya watu wazima, na sekondari ikaachwa kuwa finyu kwa makusudi. Takwimu rasmi za miaka ya 1980 zilionesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi Tanzania walijua kusoma na kuandika, jambo lililosifiwa duniani kote.

Sasa kumbukeni kwamba hadi 2009 fahirisi hii ilipima elimu kwa kujua kusoma na kuandika pamoja na uandikishaji shuleni. Mwaka 2010 kigezo cha kusoma na kuandika kiliondolewa na miaka ya shule ikawekwa mahali pake. Bibi wa Tabora aliyejifunza kusoma chini ya mwembe akiwa na miaka arobaini alikuwa akihesabiwa. Leo, kwa kuwa hakukaa katika darasa rasmi, ni sifuri. Sisemi mabadiliko hayo yalikuwa mabaya, maana takwimu za kujua kusoma zilikuwa za kujitangaza mno. Nasema tu kwamba mpimaji alipobadili rula, sera moja ilionekana imefupika na nyingine imerefuka, na watu wenyewe walikuwa walewale.

Na hiyo 0.601 yetu msiione kama blanketi linalotufunika sote sawasawa. Mtoto wa Nyeri kwenye neema na mtoto wa Mandera kwenye ukame wamo katika wastani mmoja.

Muuguzi, Kigoma

Naomba niseme juu ya lile figa refu, kwa sababu naona limekubaliwa na kila mtu bila kuguswa.

Umri wa kuishi unaotajwa ni makadirio ya kitu ambacho hakijatokea: mtoto aliyezaliwa 2022 angeishi miaka mingapi kwa wastani, endapo katika kila umri atakaoupitia angekutana na uwezekano wa kufa uleule uliokuwapo mwaka huo. Haina maana kwamba Watanzania hufa wakifika miaka 66. Chukua watoto kumi: wawili wakifariki wiki ya kwanza na wanane wakaishi hadi 75, wastani wao ni miaka 60, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefariki akiwa na miaka 60. Ndiyo maana chanjo, vyandarua na kujifungulia kituoni huupandisha wastani huu kwa kasi kuliko matibabu ya wazee. Utafiti wetu wa Afya ya Uzazi na Mtoto ulionesha vifo 147 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999, na 43 mwaka 2022. Nimekuwa wodini kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho na ninaziamini namba hizo, kwa sababu nakumbuka msimu wa mvua ulivyokuwa, tulipowalaza watoto watatu kitanda kimoja wakiwa na malaria.

Lakini utafiti wa namna hiyohiyo uliofanyika Kenya mwaka huohuo wa 2022 ulionesha vifo 41. Kwa hiyo watoto wetu na wao wana hatari inayokaribia kulingana. Basi lile pengo la miaka karibu mitano ya umri wa kuishi linatoka wapi? Lazima litoke kwa watu wazima, na kwa watu wazima ndipo takwimu zetu zilipo dhaifu zaidi. Mtoto akifariki, mama yake akihojiwa baadaye atamtaja. Mzee akifariki kijijini anazikwa siku hiyohiyo au kesho yake, na mara nyingi hakuna anayekwenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kutafuta cheti, isipokuwa pakiwa na mirathi ya kugombewa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa hujaza pengo hilo kwa mifano ya kihesabu, ambayo huzingatia pia historia ya UKIMWI katika kila nchi. Ni kazi ya heshima, lakini ni makadirio, na makadirio hurekebishwa.

Ningekuwa Mwalimu, ningemwambia binti huyo kwamba hoja yake ni nzuri lakini asiiegemee kwa uzito wote. Kuwa tumepiga hatua kubwa katika afya ni jambo la hakika. Kuwa tunaishi miaka 4.7 zaidi ya jirani zetu ni jambo ambalo nisingeliwekea dau.

Mjukuu wa Unguja, Maskati

Assalaam alaykum. Nimekuwa nikisoma kimyakimya, ila nimeona mnalinganisha majirani wanaokaribiana, nikaona niwape mfano wa mbali kidogo ambao una mkono wetu ndani yake.

Ripoti ya 2010 ilitazama nchi 135 ilizokuwa na takwimu zake tangu 1970, ikauliza ni ipi iliyopiga hatua ndefu kuliko zote kutoka pale ilipoanzia. Wengi walitegemea China. Ilikuwa Oman. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 palikuwa na shule tatu tu za serikali, zote za wavulana. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje tangu 1967, kwa hiyo kipato kilikuwa kimekwisha kuanza kupanda; kilichokosekana ni kukigeuza kuwa madarasa na zahanati. Hapo ndipo walipoitwa Waomani waliokuwa nje, na wengi miongoni mwao walitoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki, wakiwa na elimu ya huko na Kiswahili chao. Wazee wetu wengi waliingia mawizarani, shuleni na hospitalini katika miaka hiyo. Babu yangu mzaa mama alifundisha hesabu hapa kwa vitabu alivyovibeba kwenye sanduku la mbao, na hadi leo nyumbani kwetu anaitwa Mwalimu, kwa Kiswahili.

Kwa hiyo utajiri wa mafuta peke yake hautoshi kueleza. Equatorial Guinea nayo imepata mafuta mengi, na kwa miaka mingi nafasi yake katika kipato imekuwa juu sana kuliko nafasi yake katika fahirisi. Tofauti hiyo, nafasi ya kipato ukitoa nafasi ya fahirisi, imechapishwa katika jedwali kuu la ripoti, na mimi huitazama kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa chini ya sifuri, pesa ipo lakini haijawafikia watu.

Hata hivyo nisiwapambie. Kati ya wakazi kumi wa Oman, karibu wanne ni wageni waliokuja kufanya kazi, na wastani unamchanganya mjenzi wa Kibangladeshi na mwenye jengo.

Mwalimu wa Jiografia, Morogoro

Nawashukuru sana. Jana nimewapa darasa hesabu ya Mtakwimu, na wote isipokuwa wawili walifika 0.532; hao wawili walijumlisha badala ya kuzidisha, na makosa yao yakawa somo zuri kuliko majibu ya wenzao. Sasa wanataka kuikokotoa fahirisi ya wilaya yetu, na baadhi ya kata. Je, inawezekana?

Afisa Maendeleo ya Jamii, Singida

Mwalimu, kwa kata usijaribu. Sensa ya 2022 itakupa elimu ya watu wazima, lakini pato la taifa halikokotolewi kwa kata, na umri wa kuishi kwa eneo dogo hivyo huyumba kwa ajali moja ya basi. Kuna kipimo kingine kinachoanzia kwenye kaya yenyewe, na wanafunzi wako wanaweza kukifanyia mazoezi bila dola yoyote. Ni Fahirisi ya Umaskini wa Nyanja Nyingi, iliyoanza kutumika katika ripoti hizi mwaka 2010, ikiandaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford.

Ina viashiria kumi. Viwili ni vya afya, yaani lishe na vifo vya watoto, na viwili ni vya elimu, yaani miaka ya shule na mahudhurio; kila kimoja kati ya hivyo vinne kina uzito wa sehemu moja ya sita. Sita vilivyobaki ni vya hali ya maisha, kila kimoja sehemu moja ya kumi na nane: nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na mali. Kaya ikikosa viashiria vyenye jumla ya theluthi moja au zaidi, watu wake wote wanahesabiwa kuwa maskini.

Nichukue kaya mojawapo ninayoitembelea. Watoto wanasoma, wanakula, hakuna aliyefariki. Wanapikia kuni, choo ni shimo lisilo na sakafu, kwenda na kurudi kisimani ni zaidi ya nusu saa, nguzo za umeme zimeishia barabarani, sakafu ni ya udongo, na mali yao ni simu moja. Ni sita kati ya kumi na nane, yaani theluthi kamili, na wamo. Wakiongeza redio tu, kiashiria cha mali kinaondoka, nao wanatoka katika hesabu ya maskini. Mama wa kaya hiyo nilipomweleza alicheka sana, akaniambia basi nimletee redio. Nadhani wanafunzi wataelewa haraka zaidi kwa redio hiyo kuliko kwa kipeuo cha tatu, na wataona pia kwamba mpaka wowote unaochorwa na mwanadamu una mtu anayesimama juu yake.

Mtakwimu Mstaafu, Dodoma

Nakubaliana na Afisa, na nitaongeza mambo mawili kwa ajili ya darasa.

Ripoti iliyotolewa Mei 2025, yenye takwimu za 2023, imeipa Tanzania 0.555 na nafasi ya 165, na hivyo tumevuka kuingia daraja la kati. Msitoe 0.532 katika 0.555 na kusema tumepanda 0.023 kwa mwaka mmoja. Kila ripoti hurekebisha takwimu za miaka ya nyuma, na safari hii hata dola za kulinganishia zimehamishwa kutoka bei za 2017 hadi za 2021. Aliyetaka kuona mwendo wa nchi afungue jedwali la miaka mingi ndani ya ripoti moja, afuate mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia.

La pili linawahusu wao wenyewe. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwezi ule akiwa na miaka 14 atatimiza miaka 25 karibu mwaka 2027, na kipimo cha elimu ya watu wazima hakimwoni kabla ya hapo. Wale wote waliojaza madarasa ya shule za kata baada ya ada kufutwa, pamoja na darasa lako, Mwalimu, bado hawamo katika ile 5.6. Mwambie binti wa nyuma apige hesabu ya mwaka ambao yeye mwenyewe ataingia.